Ulimi wa Kuazima

Jumapili, 10 Novemba 1968

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Sista wetu wa darasa hufungua kila daftari analoliona mkononi mwa msichana, na Kiswahili hakisomi. Husema ni lugha ya soko. Basi soko na linisitiri.

Leo baada ya misa mama alikwenda nyuma ya nyumba, akainua sufuria zake kubwa sita, akazikung'uta matope ya mvua, akazifunika tena midomo chini. Nilimsaidia kwa zile nzito. Moja yao inaweza kunimeza mimi mzima nikikunja magoti.

"Noeli ikipita nazipeleka kwa fundi wa mabati," alisema. "Atazikata mabeseni."

Alisema kama mtu anayesema kwamba kesho itanyesha. Mimi si mtu wa kujibu. Shuleni nikiitwa kusoma mbele ya wenzangu, koo hujifunga, na Sista husema, "Sauti, Pascaline, sauti," mpaka darasa zima linacheka. Lakini hapa hakuna wa kucheka, kwa hiyo naandika wazi: aliyezipindua sufuria zile si mama. Ni Mzee Atumani, mpishi wa harusi wa avenue ya tisa hapa Buyenzi, na ninamchukia.

Tulipotoka Bukavu mwaka sitini na nne, baba hakufika. Mama alikuwa amepika miaka mingi katika jiko la misheni, na Atumani akamchukua apike naye. Yeye alimfundisha pilau na sambusa za Waislamu. Mama alimfundisha keki na mikate ya siagi wanayoipenda wakubwa wa Kiriri, mtaa wa kule mlimani. Miaka miwili walipika pamoja. Kisha mama akaanza kazi yake mwenyewe. Alikuwa na sufuria zake za Wakristo, na hizi sita za Waislamu tu, kila moja na uzi mwekundu kwenye mkono ili zisichanganyike. Uzi ule alifunga Atumani kwa vidole vyake. Mama alipika harusi kumi na moja, watu wakaanza kumtaja, na siku moja Atumani akasema kwenye kibaraza cha msikiti kwamba sufuria za Marguerite zimepika nguruwe.

Neno moja. Harusi ya kumi na mbili haikuja. Sasa ni mwaka wa pili mama anakaanga ndagala, vile visamaki vya ziwani, kando ya njia, na wanaopita na kanzu zao huziba pua kidogo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Jaribio la jiografia: kumi na nane kwa ishirini. Mama alifunika moto wake kwa bati, akauza kidogo sana.

Jumamosi, 16 Novemba

Kudra alikuja. Kudra ni mwanamke anayemkatia Atumani vitunguu. Anacheka hata akilia kwa vitunguu hivyo, na ndiye peke yake wa kule ambaye bado hununua ndagala zetu.

"Mama Pasi," alisema, "Mzee iko nauliza mutoto wako."

"Amuulize nini?"

"Ulimi yake."

Mama aliacha mwiko ndani ya mafuta.

Kudra akaeleza. Ramadhani inaanza Ijumaa. Mwezi huo Atumani hupika futari za matajiri kila siku, na yeye haonji. Wapishi wengine hugusa kwa ncha ya ulimi wakatema, na masheikh hawawakatazi, lakini Atumani ameapa: miaka thelathini na moja hajatia hata tone mdomoni kabla ya adhana ya magharibi. Kwa hiyo huhitaji mtu asiyefunga wa kumwonjea. Yule mama Mkristo aliyekuwa akimwonjea amerudi Uvira.

"Achukue mutoto mudogo," mama akasema.

"Mutoto mudogo! Unamupa supu anasema tamu, unamupa majivu anasema tamu. Na siye wanawake, ata kama mutu iko na siku zake, nani atasimama mbele ya wanaume aseme 'leteni mi nionje'? Mzee alisema: mutoto wa Marguerite iko na ulimi, amezaliwa mu jiko."

Alilisema hilo kama sifa. Mimi nilihisi uso wangu ukiwaka. Amechukua jina la mama, amechukua harusi zake, sasa anataka na mdomo wa mtoto wake.

Nilidhani mama atamfukuza. Mama aligeuza ndagala, akazitoa moja moja.

"Ataenda," alisema. Kudra alipoondoka akaniambia, "Uende na macho, si ulimi tu. Vile anatia mchele. Vile anapalia makaa. Mi nilijifunza nusu."

"Mama, ni yeye aliyekuharibia."

"Najua ni nani. Nilikuwako."

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya kwanza. Baada ya shule nilikwenda moja kwa moja na sare yangu. Ua wa Atumani una mafiga tisa na moshi usioisha. Yeye ni mrefu, mkavu, na ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Nilitaka awe mnene na mbaya wa sura. Wamening'iniza mkeka kwenye kona ili mwonjaji aingie nyuma yake, wenye njaa wasimwone akila.

"We ndiyo Ulimi?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ulimi haina sauti?" akasema Kudra, wanawake wakacheka.

"Vizuri," Atumani alisema. "Wenye sauti huwa wanaonja kwa maneno. Sikiliza. Maneno ni matatu tu: bado, imefika, imepita. Usiniambie tamu. Tamu ni ya mgeni."

Nilikunywa kijiko cha supu nyuma ya mkeka. "Bado," nilisema. Akatia chumvi kwa konzi, si konzi kamili. Nikaonja. "Imefika." Hakuuliza mara ya pili. Alifunika sufuria palepale.

Mtu mzima, mwenye jina mji mzima, na aliniamini kwa neno moja.

Jumapili, 24 Novemba

Misa. Mvua. Bado, bado, imefika.

Jumatano, 27 Novemba

Leo alinifundisha kusikiliza. Alisema mchele una sauti tatu: unachemka kama watu wengi, kisha kama watu wachache, kisha kama mtu mmoja anayenong'ona. Ukisikia mnong'ono, palia makaa juu ya kifuniko uondoke. Alinishika bega akaniinamisha karibu na sufuria. "Umesikia?" Nilisikia kweli. Nilifurahi, halafu nikakumbuka bega ni langu na mkono ni wa nani.

Nimemweleza mama habari ya sauti tatu. Aliniambia nirudie polepole. Miaka miwili Atumani alimfundisha kila kitu isipokuwa hilo.

Jumamosi, 30 Novemba

Ni mtu mwenye adabu. Inaniudhi. Wazee maskini wakipita huwapa futari kwanza, kabla ya kupakua za matajiri. Leo aliniuliza ninasoma nini, nikamwonyesha kitabu changu cha historia, akakishika kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa.

Huenda mtu akabadilika ndani ya miaka miwili. Huenda amejuta na hajui pa kuanzia.

Jumanne, 3 Desemba

Hajajuta.

Nilikuwa nyuma ya mkeka. Alikuja mpishi mmoja wa Kinanira kumwuliza afanyeje, kuna kijana kule anayemnyang'anya wateja. Atumani alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

"Usigombane naye," alisema. "Ugomvi unamfanya mkubwa. Tafuta neno moja tu, dogo, ambalo watu wataona aibu kumwuliza mwenyewe. Yule Marguerite alikuwa anapika kunipita mimi kwa keki, kwa mikate, kwa yote isipokuwa pilau. Neno moja. Leo anakaanga ndagala."

"Na lilikuwa kweli?"

"Ungeuliza wewe? Hakuna aliyeuliza. Ndiyo uzuri wake."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Alijua kwamba mimi nipo nyuma ya mkeka. Au alisahau; sisi ambao hatusemi, watu husahau kwamba tuna masikio. Akaita, "Ulimi! Vipi?"

"Imefika," nilisema. Ilikuwa imefika. Nilisema kweli kwa sababu siku hiyo sikuwa na akili ya kusema uongo.

Lakini nimetembea njia yote nikiwaza. Yeye alitumia neno moja. Mimi nimepewa matatu.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeamua, nami naandika kwa utaratibu. Futari ya kila siku haifai. Watu ishirini watanung'unika na kesho watasahau. Lazima iwe siku kubwa. Mpaka hapo nitakuwa mkweli kuliko mizani.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikwenda kuungama. Nilisema nimemjibu mama vibaya na nimesinzia kwenye rozari. Lile jingine sikulisema, kwa sababu bado sijalitenda.

Jumanne, 10 Desemba

Siku imepatikana. Massoudi, mwenye malori yanayokwenda Uvira, atafuturisha watu mia moja Jumanne ijayo, usiku wa ishirini na saba. Anawaalika hata wakubwa wa Kiriri, Waislamu na wasio Waislamu. Mkewe, Bi Sikuzani, alikuja mwenyewe kuzungumza na Atumani.

"Mzee wangu, nisikie," alisema. "Binti yangu anaolewa mwezi wa pili. Atakayenifurahisha Jumanne ndiye atapika harusi. Na wale wa Kiriri wakipenda, watamuita kwao mwaka mzima. Lakini ukiniaibisha, ntakufukuza na ndevu zako."

"Mama, mi na aibu hatujawahi kukutana," Atumani akajibu, wakacheka wote.

Mtakutana, nilisema nyuma ya mkeka, kwa sauti ndogo. Lakini nilisema.

Jumamosi, 14 Desemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa pili. Fundi wa mabati alikuja kutazama sufuria; alizigonga kwa kidole, akasema bati ni zuri, atazichukua tarehe ishirini na sita. Mama alimpa kiti na chai. Nilimchukia na yeye, ingawa hana kosa.

Nikitaka mama azuie sufuria zile, lazima watu wamhitaji. Na watu hawatamhitaji maadamu Atumani amesimama. Ni hesabu ya darasa la kwanza.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua kutwa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: bado, bado, bado.

Jumanne, 17 Desemba

Naandika yote kabla hayajabadilika kichwani.

Asubuhi ilinyesha, mchana jua likatoka. Ua wa Massoudi ni mkubwa. Malori yalikuwa yameondolewa na mahali pake wametandika mikeka. Atumani aliweka sufuria zake mbili kubwa za pilau upande mmoja, uji na sambusa upande mwingine. Mkeka wangu wa kujificha ulifungwa kwenye kamba ya nguo.

Saa kumi na robo nyama ilikuwa laini. "Ulimi!" aliita. Kudra akaniletea kijiko cha supu. Nilionja, na ilikuwa imekaa barabara. Sijawahi kuonja supu kama ile. Mdalasini ulikuja mwisho, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Hapakuwa na cha kuongeza.

"Bado, Mzee."

Akatia konzi kila sufuria. Nikaonja tena.

"Bado."

"Nyama ni nyingi leo," alisema, kama anayejitetea kwangu. Akatia.

"Bado."

Ya tatu ilinichoma. Koo langu lina desturi ya kujifunga nikisema kweli mbele ya watu; leo, kwa uongo, lilifunguka. "Sasa imefika," nilisema. Mkono wake haukuuliza. Akamimina mchele.

Nilitoka nyuma ya mkeka nikanywa maji bakuli mbili. Nilikaa karibu na Kudra nikamenya vitunguu saumu na kusubiri, na nikaona mchana ule ni mzuri sana.

Saa kumi na moja kasoro kidogo Atumani aliinama kwenye sufuria ya kwanza kusikiliza. Akainama ya pili. Akarudi ya kwanza. Mchele haukuwa umefika kwa watu wachache. Ulikuwa bado unapiga kelele kama soko, maji yamekwisha nusu na punje hazifunguki. Sikujua kwamba chumvi ikizidi huufanya mchele kuwa mgumu. Yeye alijua.

"Binti Marguerite," aliita. Hajawahi kuniita hivyo. "Kuja apa. Niangalie."

Nilikwenda. Kumwangalia sikuweza.

Alichukua punje kwa mwiko, akapuliza, akatia mdomoni.

"Mzee!" Kudra alipiga kelele. "Mzee, umefunga! Tema!"

Alijaribu. Mdomo wake ulikuwa mkavu tangu alfajiri, hapakuwa na mate ya kutemea. Nilimwona kooni: akameza. Miaka thelathini na moja, na ilikuwa imebaki saa moja.

Alinitazama. Nikangoja ataje jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno yote tayari, ya kibaraza na ya uzi na ya mama, na najua leo ningeyasema. Lakini kabla hajafungua mdomo Bi Sikuzani aliingia na dhahabu zake.

"Wageni wa Kiriri wamefika, magari iko mulangoni. Mzee, iko sawa?"

"Chumvi imezidi," alisema.

"Sufuria gani?"

"Zote mbili."

"Nani alitia?"

"Mi ndiye mpishi."

Sijui kwa nini hakunitaja. Labda aliona aibu kusema amedanganywa na msichana wa shule. Labda aliona swali litakalofuata, kwa nini mtoto wa Marguerite afanye hivyo, na hakulitaka.

Bi Sikuzani alishika kichwa. "Batu mia moja! Mzee, batu mia moja na adhana iko karibu! Nitawapa tende na maji kama wasafiri?"

"Iko dawa," Kudra akasema haraka. "Muchele mutupu, upikwe bila chumvi ata chembe, tuchanganye na hii. Lakini inataka sufuria kubwa zingine na mutu wa kuzisimamia. Marguerite iko hapa nyuma, avenue ya saba. Sufuria zake zimekaa tu."

"Zile za nguruwe? Mu futari yangu? Kudra, uko na wazimu?"

Kudra alimtazama Atumani. Kisha wanawake wa vitunguu wakamtazama, mmoja baada ya mwingine, wote saba. Nikaelewa kwamba miaka hii miwili walikuwa wanashuku, na hakuna aliyeuliza.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka nusu ya ukuta. Ningeweza kulihesabu tofali kwa tofali.

"Hazikupika nguruwe," Atumani alisema.

"Unasema nini?"

"Sufuria za Marguerite ni safi. Uzi wake nilifunga mimi. Neno lile nililitoa mimi."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

Bi Sikuzani hakupiga kelele. Aliita wanaume wanne, akawaambia wachukue mkokoteni wakimbie.

Nilikuwa nimetamani chumvi tu. Nilitaka watu wakunje nyuso, watoke bila kula, wamseme mwezi mzima. Hili sikulipanga, na lilikuwa kubwa kuliko nililopanga. Sikupata hata nafasi ya kulifurahia, kwa sababu chumvi ilinipa kwikwi, nikasimama pale nikiruka ruka kama kuku.

Mama alifika na kitenge chake chenye harufu ya ndagala. Bi Sikuzani alimweleza kwa maneno machache, hata neno la Atumani alimwambia. Mama aliuma mdomo, akapumua mara moja.

"Moto iko wapi?" aliuliza.

Alikwenda kwenye sufuria ya kwanza, akaonja punje moja. Akasimama. Hakumtazama Atumani. Alinitazama mimi, na kwikwi ikakatika.

Kisha akaanza kutoa amri. Sufuria tatu za uzi mwekundu juu ya moto. Maji yote ya chai yaletwe, yamekwishachemka, mengine yaongezwe kwenye pilau ile mpaka punje zifunguke. Mchele mtupu. Adhana ilipolia alikuwa amekwisha kufunika. Wageni walifungua kwa tende, wakanywa uji, wakala sambusa, wakasimama kusali, na walipokuwa wanasali mama alichota upawa mmoja wa Atumani, miwili yake, akachanganya kwa mikono yote miwili kama anayekanda. Atumani alisimama kando ya sufuria zake. Hakuna aliyemwambia kaa, hakuna aliyemwambia nenda.

Sahani zilirudi tupu. Tulisikia sauti ya Massoudi kutoka mikekani: "Nani alipika hii?"

Bi Sikuzani akajibu kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: "Marguerite!"

Jumatano, 18 Desemba

Mama hakusema neno mpaka leo asubuhi, nilipokuwa nachambua mchele.

"Ile chumvi. Ni we?"

"Ni yeye aliyetia. Mimi nilisema bado."

"Ngapi?"

"Tatu."

Alikaa chini. "Batu mia moja walifunga tangu alfajiri," alisema. "Wengine wazee. Hawakukufanyia kitu. Na we ukatia kisasi yako mu sahani yao."

"Mama, amesema! Mbele ya wote, kwa mdomo wake!"

"Amesema. Nilingoja ile neno miaka miwili, na nililia usiku kucha kwa furaha. Usinifanye nichague kati ya kukushukuru na kukupiga." Kisha akasimama. "Lakini mu jiko yangu hutaonja tena. Utakata, utaosha, utabeba. Ulimi yako ikae na vitabu."

Nilimuuliza mpaka lini. Akanipa ndoo nikachote maji.

Sijuti. Nimejipekua usiku mzima kama tunavyofundishwa, na sijuti. Ninachojutia ni wale wazee.

Jumamosi, 21 Desemba

Idi. Sahani kumi na moja za biriani na maandazi zimeletwa kwetu, zimefunikwa vitambaa. Miaka miwili haikuletwa hata moja. Bi Sikuzani alikuja na watoto wake, akamkabidhi mama harusi ya mwezi wa pili. Kabla ya adhuhuri wakaja wengine wawili.

Alhamisi, 26 Desemba

Fundi wa mabati alikuja. Mama alimpa chai na keki ya Noeli, akamwambia arudi na misumari, sufuria moja mkono wake umelegea.

Kudra anasema watu watatu wamemnyang'anya Atumani kazi zao. Msikitini hukaa safu ya mwisho. Nimefurahi. Naandika tena nione kama bado ni kweli: nimefurahi.

Jumatatu, 30 Desemba

Kudra anasema leo Mzee amefunga peke yake, analipa ile siku iliyoharibika. Nilichukua sahani yangu ya ugali na mukeke nikaenda kula kwenye jiwe la avenue ya tisa, mahali anapoweza kuniona kutoka mlangoni kwake. Aliniona. Alinisalimu. Samaki alinishinda, nikampa paka.

Jumamosi, 4 Januari 1969

Mvua imepungua. Jumatatu shule.

Asubuhi mama alivaa kitenge chake cha misa ilhali si Jumapili, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi baada ya saa moja, akaanza kufagia ua mpaka pembeni.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Atumani."

Nilidhani amekwenda kumwambia yale ambayo mimi nilishindwa kusema. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia niko na harusi tatu, na pilau yangu ni ya pili. Ya kwanza ni yake. Apike kwangu."

Nilimpokonya ufagio nikautupa. Sijawahi kumpigia mama kelele maishani, na leo nilipiga mpaka jirani akachungulia. Nilisema yule mtu alituzika, nilisema nimemwangusha kwa mikono yangu na yeye anamwinua, nilisema nilihatarisha roho yangu kwa ajili yake. Sista angefurahi: sauti, Pascaline, sauti.

Mama aliokota ufagio.

"Umemaliza? We kisasi yako ilikuwa ya siku moja. Ilikuwa na chumvi, watu wakanywa maji, ikaisha. Sasa sikiliza. Kila harusi batu watakula pilau ya yule muzee, watalamba vidole, watauliza ni ya nani. Wataambiwa ni ya Marguerite. Na ye atakuwa pale anapalia makaa, anasikia. Jumamosi hii. Jumamosi ingine. Mpaka azeeke."

Nilimtazama mama yangu. Nilidhani ninamjua.

Saa nne Atumani alifika. Alikuwa anasukuma mkokoteni mwenyewe, sufuria zake mbili juu yake, na Kudra anafuata nyuma bila kucheka. Alivua kofia mlangoni kwetu, akairudisha.

"Mama Pascaline. Nimeitika."

"Karibu, Mzee."

"Hizi niziweke wapi?"

"Kule," mama akasema. "Nyuma ya zangu."

Alizibeba moja moja. Zilikuwa nzito, na hakuna aliyemsaidia. Mimi nilisimama na kutazama mpaka ya pili ilipogusa ardhi. Aliporudi alikuwa anahema, na jasho limeingia kwenye ndevu zake zilizokatwa vizuri. Moto wa mama ulikuwa umekwisha kuwaka chini ya sufuria ya kwanza, na upepo wa ziwani ulikuwa unausukuma moshi wote upande wa ukuta.

"Pascaline," mama akasema kwa upole kabisa, "mpe Mzee kiti."

"Nikiweke wapi?"

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye vitunguu.

"Pale ukutani."